Mwali wa Darasa la Nane

Mwanne, binti pekee wa Bi Mwanahawa, alizikwa Temeke mwezi uliopita, nami nikafika siku ya pili yake, kwa sababu siku hizi magoti yangu ndiyo yanayonipangia safari. Nilimkuta Agnesi ameshafika, amekaa mkekani na fimbo yake ubavuni, kitenge chake cha kanisani katikati ya mabuibui, na hakuna aliyemshangaa maana mtaa ule umemzoea tangu tukiwa wasichana. Tulikumbatiana vibaya, fimbo ikatuingia katikati, tukacheka msibani kama watu wasiofundwa. Kwenye ukuta wa mbele alikuwa ameegemea Rehema, mjukuu wa marehemu, simu mkononi na midomo ikimtembea. Nilidhani anamsomea bibi yake Yasini. Kumbe alikuwa anakariri maneno ya Kiingereza ya mtihani wa kuombea chuo cha ng'ambo. "Bibi, haya maneno hata Wazungu wenyewe hawayajui," akaniambia. "Natakiwa nimeze hamsini kwa siku, na mtihani wiki ijayo. Nitatoboa kweli?" Agnesi akadakia: "Sie tulikuwa tunameza kumi. Na tukishameza tunayapikia uji." Msichana akatutazama kwa zamu, hajui kama anataniwa. Sikutaka kulieleza jambo lile mbele ya watu wenye msiba wao. Lakini tangu siku hiyo halijanitoka, na kuna kitu nilipewa kabla sijaondoka ambacho kimenilazimisha nikae niliandike.

Ulikuwa mwaka wangu wa darasa la nane, Mwingereza bado yupo na bendera yake. Katika shule yetu wasichana wa darasa hilo tulikuwa wawili tu, mimi na Agnesi, na wote wawili tulikuwa tunautolea macho mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana huko bara, mwendo wa garimoshi siku nzima na usiku wake. Mwalimu wetu alikuwa ameshatuambia kwamba mtihani ule hauulizi mengi ila maneno. Maneno ya Kiingereza, mamia, na maana zake, na namna ya kuyaingiza katika sentensi. Ile shule haikutaka msichana wa kutafsiriwa. Alikuwa na kitabu kimoja chenye orodha, nacho hakikutoka nje ya darasa. Kila siku aliandika maneno kumi ubaoni, tukayanakili, kesho akayafuta akaandika mengine. Nilikuwa nayapenda maneno yale kuliko chakula. Basi katikati ya mwaka, asubuhi moja ya Jumatano, nikavunja ungo.

Rehema hawezi kuelewa maana ya jambo hilo kwetu Wazaramo wakati ule, na wala simlaumu. Leo msichana anamnong'oneza mama yake, wanamaliza. Mimi kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshawekwa ndani. Chumba kilikuwa cha uani, ukuta mmoja na jiko, kidirisha kidogo kimezibwa kwa kipande cha gunia, kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji. Mwali hatoki. Mwali haonwi na mwanamume, hata baba yake. Mwali hanyanyui macho kwa mkubwa, na hasemi. Akitaka kitu anapiga makofi mawili mepesi, akizidiwa ananong'ona, na kwa somo yake tu, yaani yule mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunda. Kinywa chake kinafunguliwa siku ya kutolewa nje, kwa ngoma, mbele ya wanawake wote wa mtaa, somo anapomtia zawadi mkononi na kumwambia sema. Wengine walikaa ndani miezi mitatu, wengine mwaka. Nilipewa na mwanahiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye nywele, nikaambiwa ndiye mtoto wangu: nimwogeshe, nimpake mafuta, nimlaze kwa adabu. Nililia siku mbili. Si kwa uchungu wa chumba. Nililia nikihesabu maneno: kumi ya Alhamisi, kumi ya Ijumaa, yote yanafutwa ubaoni bila mimi.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa miti na udongo, na mwali asiyesema husikia sana. Siku ya nne nilimsikia Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu na mwenye kauli ya mwisho katika mambo ya wali, yaani mabinti wanaowekwa ndani, wa ukoo wetu, akiongea na baba barazani kwa ile sauti yake ya kupanga nyumba za watu. Posa ilikuwa imeshaletwa, kumbe, na mtu wa Mbagala, mwenye mashamba ya minazi na mke mmoja tayari. "Mdogo wangu, mtoto ameshakua," alisema. "Hiyo shule ilikuwa ya kumwekea muda." Baba yangu alikuwa mpole hadi inaudhi. Akaweka kikombe chini, akasema: "Nilimwahidi mtihani. Akifaulu, ataenda shule. Akishindwa, mtoe kwa ngoma, na huyo bwana wa Mbagala aje." Shangazi akacheka. "Atafaulu vipi naye yuko ndani? Haya, nimekubali." Mimi nilikuwa nimembana mwanahiti kifuani hadi nywele zake zikanichoma shingo. Ndivyo maisha yangu yalivyogawanywa, na wenyewe waliendelea kunywa kahawa.

Somo yangu ndiye huyo Bi Mwanahawa. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye jino moja lililopishana na wenzake, na hakukuwa na kungwi anayeitwa kama yeye kuanzia Temeke hadi Kisarawe. Watu walipanga siku za ngoma zao kwa kuangalia kwanza kama ana nafasi. Niliogopa kumwambia chochote. Alikuja asubuhi na jioni, akanisugua msio wa manukato wa kung'arisha ngozi, akanifundisha ya kufundishwa, na kila chakula akakaa kunitazama nikila, wali wa nazi na papa, bada na kisamvu, uji wa mtama, maana mwali akitoka amekonda aibu ni ya somo. Siku ya sita akasukuma bakuli pembeni. "Hunenepi," akasema. "Mie wali wangu wote wananenepa. Una nini?" Nikanong'ona. Nilimweleza yote, mtihani, maneno kumi, Mbagala. Akaniosha mikono, akaondoka, nikajua nimejiharibia.

Kesho yake aliingia na mzigo mdogo wa kuni, akautua karibu yangu badala ya kupitiliza nao jikoni. "Umeletewa na yule mtoto wa fundi wa Kimasasi," akasema. Baba yake Agnesi alikuwa seremala, mtu wa kusini, na karakana yake ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nikazipindua zile kuni. Zilikuwa vipande vya mninga na mvule, mabaki ya milango ya watu, na kwenye kila kipande, kwa penseli bapa ya useremala, kulikuwa na neno la Kiingereza upande mmoja na maana yake upande wa pili. Kumi kamili. Agnesi, msichana wa Kikristo ambaye hajachezwa kwa mila yetu, hakuruhusiwa kuukaribia mlango wangu, lakini kuni za seremala ziliingia kila nyumba ya mtaa ule na Shangazi hakuwa na sababu ya kuzikagua. Sharti lilikuwa moja: vibao vikishasomwa viingie motoni siku hiyo hiyo, visije vikaonekana. Kwa hiyo sikuwa na kesho. Neno lililonishinda mchana, usiku lilikuwa jivu chini ya sufuria.

Bi Mwanahawa hakujua kusoma hata herufi. Jioni aliketi miguu imenyooka, akachukua kibao kimoja, akakigeuza kwake kana kwamba anakisoma, akaniambia: "Hiki?" Nikamtajia neno lililoandikwa na maana yake kwa kunong'ona. Alikuwa hatazami kibao, anatazama uso wangu. "Hujui hicho," alikuwa akisema, "umeangalia dari," na kweli nilikuwa nimebahatisha, akakitenga. Kile alichokitenga kilikwenda motoni mwisho, usiku huo huo, nikishakiweza. Hivi nilijifunza *reluctant*, mtu anayejivuta. *Scarcely*, kwa shida sana. *Voyage*, safari ya mbali. Mchana nilipobaki peke yangu nilimsomea mwanahiti, kwa kuwa mtoto wa mti hahesabiwi kuwa mtu, na kumsemesha si kusema. Nadhani hakuna kinyago cha Kizaramo kilichowahi kusikia Kiingereza kingi kiasi hicho. Mara mbili Shangazi aliingia ghafla. Mara ya kwanza vibao vilikuwa chini ya mkeka, akavikalia, akaongea nusu saa kuhusu minazi ya Mbagala, nami macho chini, jasho likinitiririka mgongoni. Mara ya pili alimkuta Bi Mwanahawa ameshika kibao. "Unakiangalia nini?" akamuuliza. "Naangalia kama kimekauka," akajibu yule mama bila kupepesa, akaenda nacho jikoni, na lile neno likateketea kabla sijalisoma. Mpaka leo sijui lilikuwa neno gani.

Ilipokaribia siku ya mtihani, baba alimwendea Shangazi kwa heshima zote. Nilisikia kila kitu. Mtihani ulifanyika shule moja upande wa Kinondoni, kwa wasichana wa wilaya nzima. Shangazi alikubali siku moja, kwa masharti: nifunikwe gubigubi, niende na somo yangu, nisinyanyue macho, nisitoe sauti. "Kuandika aandike," alisema. "Mkono si kinywa. Lakini akisema neno kabla ya ngoma yake, ukoo umeaibika, na hakuna mtihani tena wala maneno. Namtoa kesho yake." Baba akasema mtihani ni wa kuandika tu. Aliamini hivyo. Mwalimu aliamini hivyo. Sote tuliamini hivyo.

Tulipanda basi alfajiri, mimi nimefunikwa kanga na buibui juu yake, na safari nzima ya kutoka Temeke hadi Kinondoni niliiona kwa miguu: kandambili, viatu vya karani, nyayo za mpagazi zenye vumbi jekundu. Agnesi alikaa mbele yangu, hakugeuka hata mara moja. Darasani niliandika. Sijui nieleze vipi furaha ile. Maneno yalikuwa yanakuja na harufu ya mbao zake, nalikumbuka hili lilikuwa kwenye mvule, lile lilikuwa na msumari uliopinda. Nilimaliza kabla ya wenzangu. Kisha yule Mzungu wa kike aliyesimamia, mrefu, shingo imebabuka kwa jua, akatangaza kwamba baada ya chakula kila msichana ataitwa peke yake, na atajibu kwa mdomo. Asiyejibu kwa mdomo hapati alama za kuandika.

Nilikaa kwenye baraza ya shule na kipande cha muhogo mkononi, nikikivunjavunja. Bi Mwanahawa aliona mikono yangu. Agnesi akachuchumaa mbele yake akamweleza, kwa haraka, na yule mama akauliza swali moja tu: "Atasikika nje?" Agnesi akasema dirisha liko wazi. Wasichana waliitwa, wakatoka, mmoja akilia. Agnesi akaingia, akatoka ananitazama kwa macho ya kuniomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyetunga sharti. Wakaita jina langu: Tatu.

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, saa ya ukutani. Mzungu aliniambia nikae, nikakaa. Akaniambia nifunue uso, nikafunua, alikuwa mwanamke. Akauliza jina langu. Nikainamisha macho. Akatazama karatasi, akasoma mwenyewe, kisha akasoma neno la kwanza la orodha yake na kutaka nimweleze maana. Nililijua. Nataka msomaji ajue kwamba nililijua, na la pili nililijua, na la tatu. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na miezi mitano. Si kwamba niliamua kutii. Ningekuwa na uwezo wa kuamua ningeamua vingine. Mbele yangu alikuwa mkubwa, na mbele ya mkubwa mwali hushusha macho na kunyamaza, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimesuguliwa kila siku pamoja na ule msio, hadi ikawa ngozi. Nikasikia saa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha bara: "Wewe iko gonjwa?" Nikatazama meza. Akavuta pumzi, akachukua kalamu, akaisogeza kwenye mstari wa jina langu, na mimi nikaona minazi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bi Mwanahawa aliingia pekupeku, viatu kaviacha nje kama anaingia chumba cha mwali. Hakumtazama Mzungu. Alikuwa anavua mkufu wake wa shanga nyeupe, ule aliotolea wali wake wote na ambao hakuna aliyewahi kumwona akiuvua, akanifumbua kiganja, akaniwekea, akakifumba. "Mwanangu Tatu," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu, "mie somo yako. Nimekufungua kinywa. Sema." Halafu akamgeukia yule Mzungu, akamwambia kwa Kiswahili safi, taratibu: "Ngoma hakuna. Wanawake hawapo. Basi wewe ndiye shahidi." Mzungu alikuwa ameshikilia kalamu hewani. Sijui alielewa nini. Aliiweka chini.

Nikasema. Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, na kubwa mno, kwa sababu nilikuwa nimesahau kipimo chake. Nilisema neno la kwanza na maana yake na sentensi yake, kisha la pili, kisha la tatu, bila kusubiri kuulizwa upya, na yule Mzungu akaanza kuniuliza kwa kasi, nami nikamjibu kwa kasi, hadi nje kwenye baraza wasichana wakanyamaza. Bi Mwanahawa alisimama mlangoni, macho usoni kwangu, kama jioni zetu za vibao. Hakuna hata mara moja nilipoangalia dari.

Jioni ile alimwambia Shangazi mwenyewe, kabla hajaulizwa. Niliyasikia yote kupitia ukuta. "Umemfungua? Mbele ya Mzungu? Bila ngoma?" Shangazi hakupiga kelele, ndiyo maana niliogopa. "Mwanahawa, nani atakukabidhi mwali wake tena?" Kijiko kikagonga sufuria. "Asiyenikabidhi, basi," akajibu. Baba akaingilia kati, akasema ahadi ni ahadi, tusubiri matokeo. Niliichukulia kuwa ni hasira ya siku moja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano na nilikuwa nimefaulu kusema. Sikuwa na nafasi kichwani ya kuwaza kitu kingine.

Tulisubiri wiki saba. Mtu wa Mbagala alikuja mara mbili, nilimsikia akikohoa barazani, kikohozi cha mtu mwenye subira. Kuni ziliendelea kuja, ila sasa hazikuwa na neno, na kila siku nilizipindua. Halafu siku moja kikaja kibao kimoja peke yake, kirefu, kimepigwa randa vizuri, hakina Kiingereza. Kiliandikwa: *Tumefaulu. Wote wawili.* Bi Mwanahawa alinitazama usoni, akajua, akakichukua kibao kile na kwa mara ya kwanza hakukipeleka motoni.

Shangazi alikataa kunitolea ngoma. Alisema haitolewi ngoma kwa kinywa kilichokwisha kufunguliwa, na kwa mila alikuwa na haki. Nilitoka kwa mlango wa uani, mchana mweupe, nimevaa sare ya shule, na mwanga ukaniumiza macho. Bi Mwanahawa alinifunga sanduku kwa kamba. Nilitaka kumrudishia shanga zake, akazikataa. "Usijidanganye umetoka," akaniambia. "Unahama chumba tu, unakwenda kufungiwa na Wazungu. Ukimaliza urudi nikutoe." Nikacheka, nikamwambia nitarudi.

Nilimaliza, nikafundisha, nikaolewa na mtu niliyemtaka mwenyewe, nikaishi Mwanza miaka mingi. Nilipita Temeke kwa salamu, nikala kwa Bi Mwanahawa, shikamoo, marahaba, nikaona hachezi tena wali, nikadhani amechoka na uzee. Sikuuliza. Nimefundisha watoto wa watu kuuliza maswali, na hilo moja sikuliuliza. Alifariki nikiwa mbali, nikafika baada ya arobaini.

Msibani, nilipokuwa naaga, Rehema alinivuta chumbani. Alisema marehemu bibi yake aliacha maneno kwamba nikija nipewe kitu kilichokuwa sandukuni kwa mama yake, Bi Mwanahawa. Ilikuwa doti ya kisutu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, ile ya kumtolea mwali. Haijakatwa katikati, haijakunjwa pindo, mikunjo imeanza kupasuka kwa ukongwe. "Bibi Mwanne alisema watu waliacha kumwita mama yake tangu ule mwaka," Rehema akasema. "Hata mmoja hakumwita tena. Wakija kumtania kwamba kazi imemwisha, anawaambia haijaisha. Anasema mwali wake wa mwisho bado yuko ndani, anamsubiri amtoe."

Agnesi alikuwa mlangoni na fimbo yake, amesikia. Akanikunjulia ile kanga taratibu, akanitupia mabegani, akaniuliza kama inanikaa. Rehema naye akaniuliza kama niko sawa. Walinisubiri. Nilikuwa nimeinamisha macho, viganja wazi mapajani, na nilijua kabisa maneno ya kuwajibu, ila mwenye kunifungua kinywa hayupo.